Koti la Radhia na Mtihani wa Pili

Jumatatu, 6 Oktoba

Mia nne na kumi! Kwenye mtihani wa kujiunga, shule ya biashara ya Nairobi inataka alama mia tano. Matokeo yamefika nikiwa dukani, katikati ya mabeseni na chupa za chai. Mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, mwaka jana, lakini hii ni nyingine.

Naruhusiwa kurudia mara moja kabla shule haijafunga mlango mwisho wa mwezi. Nimeshachagua siku: Jumamosi ya tarehe 18, alasiri, hapa hapa nyumbani Mutanga Nord, kwa kompyuta, msimamizi akinitazama kupitia kamera.

Jioni alipita shemeji Haitham, kaka wa marehemu mke wangu Radhia. Yeye alipata mia tano na sitini, na hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kuitaja. Leo aliitaja kabla ya sukari. Kisha akaligusa lile koti la kijivu ambalo Radhia alinishonea nilivae siku ya kwanza darasani, kabla hata sijaomba nafasi. Liko kwenye msumari chumbani. Sijawahi kulivaa. Haitham akasema ni dhambi kuacha kitambaa kizuri namna ile kiliwe na nondo, na kwamba mabega yetu ni sawa.

Nikamwambia nikianguka tena, alichukue.

Mdomo wangu! Nani aliutuma?

Hata hivyo namshukuru Mungu. Chai ilikuwa nzuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza. Petroli hakuna, nikaenda Kinama kwa miguu kumwona Akilimali. Anauza vocha za simu na, kwa wanaojua kuuliza, siri za mitihani. Siri yake: jibu refu kuliko yote ndilo la kweli, kwa sababu hakuna mtu anayejichosha kuandika uongo mrefu. Nikaona hiyo ni akili kubwa! Nikamshukuru, nikaondoka mbio kabla sijaisahau.

Usiku nilifanya mtihani wa mazoezi. Mia tatu na themanini.

Nikampigia Akilimali. Akasema kwa upole kwamba siri ilikuwa na sehemu ya pili: isifanywe kwenye hesabu. Alikuwa akiisema wakati mimi nimeshavuka barabara.

Nashukuru kwa matembezi. Nilipita mahali ambapo Radhia alikuwa akisimama kununua ndizi, akizibonyeza moja moja mpaka muuzaji anune. Yule muuzaji bado yupo. Bado amenuna.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango wa pili: kombe. Shangazi Zubeda, dada wa marehemu baba, huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi ya waridi, mgonjwa akanywa. Aliniuliza naumwa nini. Nikasema hesabu. Akacheka mpaka akashika goti lake baya. Akasema kombe si ya hesabu, wala Mungu si karani wangu. Kisha akaniandikia hata hivyo, na kunitilia kwenye chupa ndogo.

Alipoanza kunieleza namna ya kunywa, nilikuwa nimeshamaliza. Kumbe ilikuwa ya wiki nzima, funda moja kila asubuhi. Nilifungua duka nikiwa na midomo ya njano. Biashara haikuwa mbaya. Watu waliingia kutazama.

Tumekubaliana pia kuhusu hitima ya mwaka ya Radhia: Jumapili ya tarehe 26, nyumbani kwa shangazi. Yeye na kina mama watapika. Mimi nije tu na juzuu yangu. Nani ana shangazi kama huyu?

Jumatatu, 13 Oktoba

Asubuhi shangazi amenitumia ujumbe wa sauti. Dakika tisa! Unaanza na goti, unakwenda kwa daktari wa goti, kisha kwa mke wa daktari. Nilipofika kwa mke nikajibu: Sawa shangazi, ahsante sana, karibu. Mtu ana mtihani.

Mpango wa tatu: kumpeleleza Haitham. Nikapanda kwake Kinanira, nikidai nimekuja kumsalimia. Hakudanganyika. Akaniketisha, akanipa maswali ya mazoezi, akasimama nyuma yangu kama polisi. Baada ya swali la nne alipiga kelele: “We shemeji! Unajibu sawa na mutu mwenye mbwa iko nyuma yake! Swali haijaisha, we umemaliza!” Akanionyesha. Swali liliuliza lipi si kweli. Mimi nilichagua la kweli, kwa furaha.

Akasema dawa ni moja tu: kusoma swali mpaka mwisho.

Radhia alikuwa akisema hivyo hivyo. Kila mzigo mpya wa chupa za chai ulipofika dukani, aliketi juu ya katoni akasoma Kiingereza chote cha kwenye boksi, hadi jina la kiwanda, kidole kikifuata mstari. “Sule, somaka mpaka mwisho kwanza.” Mimi nilikuwa nimeshauza tatu.

Lakini jambo dogo namna hiyo haliwezi kuleta mia tano na sitini. Kuna kitu Haitham anaficha. Nikatazama chumba chake vizuri, nikakiona: kiti! Kina magurudumu, kinazunguka. Mtu akikaa kwenye kiti kama kile, akili inazunguka nacho. Nikamwomba aniazime. Akashangaa, akakubali.

Alitaka kuniambia jambo juu ya magurudumu. Nikamwambia nimeelewa.

Kiti kilishuka mlima wa Kinanira peke yake. Mimi nilikuwa nyuma, nikikiita. Mwendesha baiskeli mmoja alikidaka, akanirudishia kwa heshima kama anarudisha mtoto. Mungu ambariki. Mguu mmoja wa kiti umepinda.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kesho. Sheria za mtihani ni ndefu sana, nimesoma zile za juu: niwe peke yangu chumbani, mlango ufungwe, asiingie mtu. Rahisi. Nyumba hii haina mtu.

Nimeandika karatasi, MTIHANI, nikaibandika mlangoni. Nimelitazama koti. Nimeliambia lisiogope.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niandike kabla sijasahau.

Msimamizi anaitwa Carmen. Nyuma yake kulikuwa na dirisha lenye mvua, kwa hiyo hakuwa karibu na hapa. Akaniamuru nionyeshe kuta, chini ya meza, chini ya kitanda. Akaliona koti. Nguo yenye mifuko itolewe nje au ivaliwe, na mifuko ionyeshwe. Sikutaka kulitoa nje. Nikalivaa. Lilinikaa sawasawa. Nikageuza mifuko mbele ya kamera, zikadondoka karafuu.

Akauliza ni nini. Nikamwambia ni dawa ya nondo, aliweka mke wangu. Sikujua. Mwaka mzima sikujua.

Tukaanza. Maswali mawili ya kwanza niliyajibu kwa mwendo wangu wa kawaida. Kisha nikasikia geti. Kisha viatu vingi. Kisha sauti ya shangazi Zubeda ikiamuru mikeka itandikwe huku, si kule, na nani ameleta sufuria ndogo namna hii.

Dakika tisa! Baada ya goti, baada ya daktari na mkewe, kumbe shangazi alikuwa amesema mafundi wameezua paa lake, kwa hiyo hitima iwahishwe, iwe leo, kwangu. Na mimi nikajibu karibu.

Kisomo kikaanza sebuleni, kila mtu na juzuu yake, ule mvumo kama mvua ya mbali. Carmen akauliza ni sauti gani. Nikamwambia watu wanamsomea mke wangu, mwaka umetimia. Akasema sauti ya nje ataiandika kwenye ripoti, niendelee, ila mtu asiingie.

Kwa ule mvumo sikuweza kushika swali. Ikabidi nifuatishe kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, neno kwa neno, hadi nukta. Na maswali yakawa mapole! Sijui niseme vipi. Kila moja lilikuwa linaniambia lenyewe linachotaka. Jasho linatiririka ndani ya koti, karafuu zinanukia, jina la Radhia linatajwa nyuma ya ukuta, na mimi najibu. Najibu sawa! Ilibaki sehemu moja.

Mlango ukafunguka. Karatasi yangu ilikuwa imefunikwa na kanzu ambayo mtu aliitundika. Shangazi aliingia na sahani ya pilau. “We Sule! Watu wanamuombea bibi yako, we uko unatazama sinema? Na koti mwilini!” Akainama kwenye kompyuta. “Na huyu ni nani? Mama, umekula?”

Carmen alisema samahani, kwa sauti ya mtu anayesema kweli. Kioo kikawa cheusi.

Haitham akaja, akasimama kizingitini. Akaona kioo, akaona koti. Nikaanza kulivua, maana nilisema, na neno ni neno. Akasogea. Akavuta pumzi puani. “Karafuu,” akasema. “Radhia huyo.” Akanifunga kifungo nilichofungua, akaniweka kola vizuri, akanishika mkono hadi mkekani. Walikuwa wamenibakizia juzuu moja. Niliisoma nikiwa na koti, mpaka mwisho.

Nawashukuru wote waliokuja. Hata aliyetundika kanzu.

Jumatano, 22 Oktoba

Barua pepe! Carmen ameandika ripoti. Barua ni ndefu, ina mafungu mengi. La kwanza linasema nimepewa nafasi nyingine kwa sababu ya msiba, na shule itanisubiri. Likanitosha. Nikabonyeza palipoandikwa nakubali, nikachagua Jumamosi hii, alasiri. Mungu ambariki Carmen na mvua yake.

Nimekaa jioni nzima kutafuta kwa nini maswali yalikuwa mapole siku ile. Haitham anasema ni kwa sababu niliyasoma mpaka mwisho. Maskini shemeji! Ana moyo mzuri, ila haoni mbali. Jibu liko wazi: ni karafuu. Nimeenda sokoni, nimejaza mifuko yote minne.

Shangazi ametuma ujumbe wa sauti. Dakika kumi na moja. Goti limepona, alhamdulillahi! Nimefurahi sana.

Kabla hajafika kwa daktari nimemjibu: Sawa shangazi, ahsante sana, karibu.