Bata Maji wa Mwalimu Parray

Jumatatu, 12 Januari

Theluji usiku kucha. Ziwa limeganda ukingoni. Nimeamka na furaha ya bure, nikaenda kununua mikate. Foleni ndefu kwa Ramzan mwokaji. Kabla sijafika mbele, Ramzan akapaza sauti kutoka kwenye tanuri: "Mpisheni Mwalimu Bata Bukini!" Foleni nzima ikacheka. Hata imamu! Alijifanya anakohoa, lakini nilimwona.

Mwaka mzima sasa. Kosa langu nini? Januari iliyopita nilitangaza kwenye kundi letu la wapenda ndege kwamba nimemwona bata maji, yule mweupe wa shingo ndefu anayetoka Siberia, ambaye hapa kwetu huonekana kwa nadra sana. Watu walikuja hadi kutoka Srinagar na kamera kama mizinga. Kumbe ni bata bukini wa Ramzan, katoroka bandani! Alikuwa kwenye ukungu, na theluji mgongoni. Mtu yeyote angekosea.

Ningevumilia, lakini hapa Kashmir jina la utani halifi. Babu wa jirani yangu alikimbizwa na paka, mara moja tu maishani. Leo ukoo mzima ni Paka, mpaka kwenye bili ya umeme. Na Jumapili wanakuja wakwe kutoka Sopore kupanga tarehe ya harusi ya Insha, binti yangu wa pekee. Mgeni akiingia kijijini huuliza njia wapi? Kwa mwokaji! Ramzan atawaelekeza nyumba ya Bata Bukini, na jina litapanda gari kwenda Sopore. Wajukuu zangu watazaliwa mabukini.

Dawa ni moja. Nimpate bata maji wa kweli kabla ya Jumapili, kwa picha na kwa shahidi. Hapo jina litakufa.

Jumanne, 13 Januari

Wavuvi wanasema wamesikia mlio wa ajabu kwenye matete. Ni bata maji! Lazima ni wao!

Nimeazima mtumbwi. Njiani nikakutana na Lone, mwenye duka la dawa, ambaye pia ni mwenyekiti wa kundi letu (alijichagua mwenyewe). Akauliza mtumbwi wa nini na baridi hii. Nikamwambia nataka kuwapa samaki pole. Sijui ilinitoka wapi. Akatabasamu lile tabasamu lake la mtu anayejua unameza tembe gani.

Jumatano, 14 Januari

Maafa.

Nilijifunika shuka jeupe mle mtumbwini ili nionekane kama theluji. Ndiyo, lilikuwa shuka la wageni wa Jumapili, alilolitarizi mke wangu Hajra kwa mkono wake. Lakini ndilo lililokuwa jeupe kuliko yote. Chini ya joho nilikuwa na kangri yangu, kile chungu cha moto cha kikapuni, imejaa makaa, kama kila mtu mwenye akili katika siku arobaini za baridi kali. Matete kimya. Mabata wa kawaida mamia kwa mamia, na nyuma yao, naapa, kitu cheupe. Nikajilaza kifudifudi ili nisionekane.

Mtu hajilazi kifudifudi juu ya kangri. Hata mtoto mchanga wa Kashmir anajua.

Nikaruka. Shuka likawaka, joho likawaka, nikaingia majini. Ndege wote wakaondoka kwa pamoja, mpaka anga ikawa nyeusi. Kutoka ukingoni nikasikia sauti ya Lone: "Mwalimu! Unachoma nini huko? Tulete chumvi?"

Hajra hajanisemesha tangu aone shuka. Tumbo linaniwaka. Dawa ya kuungua inauzwa duka moja tu kijijini, kwa Lone. Aliniuliza mbele ya wateja nimeungua sehemu gani hasa. Wateja wakasogea wasikie.

Ijumaa, 16 Januari

Nilikata tamaa mpaka saa ya adhuhuri. Kisha nikapata wazo, na ni wazo zuri.

Nimefinyanga bata maji wa theluji kule ukingoni, mkubwa, shingo imepinda vizuri kabisa, mdomo wa mkaa. Nia yangu ilikuwa safi: ndege wa kweli wamwone mwenzao, washuke. Nimekaa mpaka miguu ikafa ganzi. Hakushuka hata shomoro. Lakini jioni, kwa mbali, katika ukungu, lile bata lilipendeza! Nikapiga picha moja. Kwa kumbukumbu tu. Sasa nimeitazama mara nyingi na kusema kweli huwezi kutofautisha.

Baadaye: Nimeituma kwenye kundi.

Baadaye tena: Lone ameikuza picha. Anauliza, kwa heshima zote, kwa nini mbwa amemwinulia mguu bata maji wa Siberia, na bata maji hata hashtuki. Sikuwa nimemwona mbwa! Kundi zima linacheka. Nimezima simu. Natamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 17 Januari

Nimemwendea Ramzan na kujishusha kabisa. Nikamwomba kesho awaelekeze wageni kwa Mwalimu Parray. Parray, basi. Akaacha kukanda, akanihurumia kwa dhati, na hilo ndilo lililoniuma. "Mwalimu wangu," akasema, "nusu ya kijiji ni Parray. Nikisema Parray watazunguka mpaka Ijumaa. Bata Bukini ni wewe peke yako."

Kwa hiyo kesho nitasimama darajani mwenyewe. Nitawapokea wakwe kabla hawajafika kwa mwokaji. Hajra amesema, na ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Jumatano: "Baba Insha, kesho kaa nyumbani kama watu." Haelewi mbinu.

Jumapili, 18 Januari

Sijui niandike nini.

Nilikuwa darajani tangu asubuhi. Wakwe walichelewa, theluji nyingi barabarani. Ndipo nikasikia mlio juu ya kichwa changu. Bata maji watatu! Weupe, shingo zimenyooka, wanapita chini mpaka nikasikia mabawa. Nililia. Wakatua nyuma ya matete. Nikajiambia, dakika chache tu.

Theluji ilinifika kiunoni. Nikafika, nikatoa simu, na simu ikazimika mkononi. Baridi imekula betri. Shahidi hakuna, labda kunguru. Nikabaki nawatazama tu. Muda gani, sijui. Niliporudi darajani, alama za magurudumu zilikuwa zimeingia kijijini, na zilikuwa zimeshatoka.

Nyumbani samovari, birika letu la chai, ilikuwa imepoa. Hajra aliosha vikombe bila kugeuka. Wakwe walifika, wakauliza kwa Ramzan, wakaelekezwa kwa Bata Bukini, wakafika moja kwa moja. Haji Samad, baba wa kijana, alicheka akasema wao Sopore huitwa ukoo wa Nyigu tangu enzi za babu yake. Basi! Hayo tu! Kisha wakaningoja. Tarehe haipangwi baba hayupo. Chai ya chumvi ikapashwa moto, ikapashwa tena. Mwishowe wakaondoka wasije wakafungiwa na theluji.

Insha alikuwa bado na nguo zake mpya. Hakupiga kelele. Alisema, "Abba, jina hilo mimi sikulijali hata siku moja. Leo kila mlango ulipolia niliwaambia, huyo ni Abba."

Nimemuumiza mwanangu kwa ajili ya ndege. Darubini nimempa Hajra aifiche atakapo. Mimi na ndege basi.

Jumatatu, 19 Januari

Haji Samad amepiga simu mwenyewe. Muungwana kweli! Watarudi Jumapili ijayo, watu watano, inshallah. Akauliza kwa upole kama nitakuwepo. Nikaapa. Insha alisikia, akaniletea chai bila kuombwa. Nimemshukuru Mungu, macho yamenilengalenga.

Nikamweleza Haji kilichonichelewesha. Akasema maishani mwake hajawahi kumwona bata maji.

Hajawahi! Watu wazima watano, waaminifu, mmoja amehiji. Hao ndio mashahidi! Lone atafungua mdomo gani? Nimeshaazima mtumbwi mkubwa. Jumapili nitawapokea darajani, niwapitishe ziwani kwanza, chai itangoja. Hajra sijamwambia, wala Insha. Tarehe ya harusi tutaipanga hukohuko mtumbwini.