Mjomba, Ulipaswa Kukataa

Shiraz, Jumatano jioni

Kwa Mheshimiwa Mjomba Nosrat, taji la kichwa changu na kivuli cha ukoo wetu,

Salamu nyingi na heshima zisizo na kipimo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umetulia. Nimeiweka ndani ya bakuli lenu, lile mlilotuletea na halua, na juu yake nimetia njugu kidogo za pistachio, maana bakuli la jirani halirudishwi tupu. Huenda ukashangaa kwa nini nakuandikia wakati tumetenganishwa na uchochoro mmoja tu, na kikohozi chako nakisikia kutoka hapa nilipo. Sababu ni kwamba nikija kwa miguu nitakukaribisha tena. Najijua.

Mjomba, nina malalamiko. Nayaleta kwa adabu ileile uliyonifunza wewe mwenyewe baada ya kufariki mama yangu, dada yako, Mungu amrehemu. Ni wewe uliyenikalisha chini ukaniambia kwamba mwaliko wa kwanza ni salamu, wa pili ni heshima, na wa tatu ndio mwaliko. Nimeishi kwa maneno hayo mpaka mvi zimeniota. Leo aliyeyavunja ni mwalimu wangu, na mimi sina pa kushtaki ila kwako.

La kwanza, nalalamikia haraka yako. Unajua kwamba kesho asubuhi mimi na mke wangu Mahrokh tunaruka kwenda kisiwani Kish kutimiza miaka ishirini na tano ya ndoa yetu. Unajua kwa sababu nilikupigia simu, ingawa Mahrokh alikuwa ameniomba nisimwambie mtu. Lakini mtu hawezi kuuacha mji kimyakimya kama mwizi, bila kumwomba radhi mjomba wake. Ukaja alasiri. Ukanywa chai, ukala matango kwa chumvi, ukatuombea dua nzuri sana. Mambo yalikwenda sawasawa mpaka mlangoni. Ulikuwa umeinama unavaa viatu, nami nimesimama nyuma yako, mkono kifuani, nikasema kama asemavyo kila mtu aliyelelewa na watu: "Mjomba, nafasi yako itakuwa wazi huko. Njoo twende wote!"

Jibu la maneno hayo, Mjomba, lipo tangu enzi za mababu. Ni "Mungu akuzidishie, mwanangu, nendeni salama." Watoto wanalijua. Wewe ukainua kichwa, kiatu kimoja bado mkononi, ukasema: "Saa ngapi?"

La pili, nalalamikia kwamba hukuona hata haya kidogo. Hukukohoa, hukukuna kichwa, hukusema "nitakuwa mzigo kwenu." Na usiniambie hukujua. Dereva wa teksi akikuambia "acha tu mzee, si kitu, umenipa heshima," huwa unashuka bila kulipa? Hulipa, tena kwa kugombana naye mpaka foleni nyuma yenu inapiga honi. Mwaka jana nilikukaribisha ukoko wa mwisho wa wali, ulioiva ukawa wa dhahabu, ukaukataa mara nne huku macho yako yanaulilia. Kwa kipande cha ukoko ulijizuia. Kwa safari ya ndege hukuweza.

La tatu ni la Bi Turan, mkeo mpendwa. Niliposikia "saa ngapi" nilitafuta njia ya kutuokoa, wewe na mimi. Nikaona kwamba mwaliko ukizidi ukubwa mtu hushtuka, kama mtu anayepakuliwa chakula kupita kiasi. Nikasema, "Na Bi Turan je? Hatuwezi kumwacha peke yake." Mwenye akili yoyote angesikia hapo mtu anayeomba msaada. Wewe ukatoa kichwa nje ukapaza sauti uchochoroni: "Turan! Funga mizigo!" Yeye akauliza kutoka dirishani, "Twende wapi?" Ukamjibu, "Tutajua tukifika!"

Nyuma yangu nikasikia zipu ya sanduku ikifunguliwa. Mahrokh alitoa ile kofia yake mpya ya ukili, akaitundika msumarini.

Watu wa miji mingine hututania kwamba sisi wa Shiraz ni wavivu, tunangoja kivuli kitufuate. Laiti wangekuona leo ulivyokimbilia duka la tiketi kabla halijafungwa. Miaka yote mgongo ule ulikuzuia kuja kunisaidia kubeba jokofu, na leo umepona kwa neno langu moja. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Sikukuita nyoka, Mjomba, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba yangu yalikuwa matamu mno.

La nne si kosa lako, lakini kalamu imeshashika moto, nivumilie. Kwenye fungate yetu, ile ya Mashhad, tulikuwa watu saba. Mahrokh alilala chumba kimoja na mama yake na shangazi zangu, mimi nikalala na wewe, na ulikoroma. Nilikuwa nimewaambia wote "nafasi zenu zitakuwa wazi," nao wakazijaza. Tulipotimiza miaka kumi tukaenda baharini kaskazini, magari manne, na bibi harusi wangu alishinda jikoni akichambua mchele wa watu ambao hata majina yao nilikuwa nimeyasahau. Akasema basi, ipo siku. Safari hii ameipanga mwenyewe. Yeye ni mwalimu wa kemia, hupima kila kitu kabla ya kumimina, akaniambia: "Farhang, nataka siku chache nisimpikie mtu, nisimmiminie mtu chai, nisimwambie mtu karibu. Mimi na wewe tu. Akienda mtu wa tatu, mimi siendi." Nikamwapia. Niliapa kwa moyo safi, Mjomba. Moyo wangu hauna shida. Shida ni kwamba hausemi wenyewe, umeuachia ulimi kazi yote.

Sasa uone mahali uliponifikisha. Uliporudi na tiketi zenu ukapiga simu kunipa habari njema: "Tumepata viti safu moja na nyinyi! Mimi nitakaa dirishani." Mahrokh akatoa viatu vya pwani. Ukapiga tena kusema kwamba chai ya hotelini si ya kuaminiwa, kwa hiyo unabeba samawari. Akatoa gauni la samawati. Ukapiga mara ya tatu, na hili ndilo la tano, au la sita, nimepoteza hesabu. Ukasema: "Mwanangu, vyumba viwili vya nini? Tuchukue kimoja kikubwa, tulale wote, tupige hadithi kama zamani." Nami nilijibu nini? Nilisema, "Mguu wako juu ya jicho langu, Mjomba." Ukasema, "Vizuri, basi imepita."

Haikupita! Mguu wa mjomba juu ya jicho la mpwa ni maneno ya kufungia simu. Hakuna aliyewahi kuyageuza kuwa chumba cha hoteli. Sanduku la Mahrokh sasa limebaki na mswaki wake na suruali yangu ya kulalia. Akiutoa na huo mswaki, sina tena mke wa kusafiri naye, na naogopa huenda sina wa kurudi kwake.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili, na nakusihi ulitafakari ukiwa umekaa. Katika ukoo wetu msafiri humwagiwa maji nyuma yake ili arudi salama. Mmwagaji ni nani? Ni mkubwa anayebaki. Wewe ukiondoka, Bi Turan akiondoka, mimi na Mahrokh tukiondoka, bakuli la maji litashikwa na nani? Hakuna atakayemwaga. Kwa hiyo hatutarudi. Na tusiporudi, nyumba zetu mbili zitafungwa, kaburi la dada yako halitapata wa kuliosha siku za Alhamisi, na ukoo wa watu walioheshimika uchochoro mzima utakuwa umekwisha, kwa sababu ya mzee mmoja aliyekosa kusema "Mungu akuzidishie, mwanangu." Lazima abaki mtu wa kumwaga maji, Mjomba. Hili halina mjadala.

Kwa hayo yote naomba jambo moja dogo: ukatae. Bado hujachelewa. Njoo asubuhi mlangoni kwetu, Mahrokh akiwa anasikia, useme kwamba umefikiri, mgongo hauruhusu, twende salama. Hapo mimi nitakusihi uje, kwa sababu siwezi kusimama mbele ya mjomba wangu nisimsihi. Usikubali. Nitakushika mkono wa koti. Usikubali. Nitaapa kwa kaburi la mama kwamba bila wewe safari haina ladha. Usiniamini, hata machozi yakinitoka, na yanaweza kunitoka, nimeumbwa hivyo. Ili pasiwe na shaka, tangu leo nikikualika popote, kwa chakula, kwa harusi, kwa mazishi, tazama sikio langu la kushoto. Nikilikuna, mwaliko ni wa mdomo. Nisipolikuna, pia kataa, halafu tutaona.

Tiketi zenu nitazirudisha dukani mwenyewe na hasara yake ni juu yangu, wala hapo sikuni sikio.

Nisalimie Bi Turan na umbusu mikono kwa niaba yangu. Wasalimie binti zenu, wakwe zenu, chiriku wenu kwenye tundu, na jirani wa ghorofa ya juu aliyeuliza kama na yeye yumo. Mwambie hayumo. Au usimwambie, ataudhika, mwambie nafasi yake itakuwa wazi.

Nabaki mpwa wako mtiifu, vumbi la viatu vyako,
Farhang Dehbozorgi

Nyongeza:

Mjomba, nilikuwa naiweka barua hii ndani ya bakuli Mahrokh akaninyang'anya, akaisoma yote akiwa amesimama. Nilitegemea kwamba ataniona nimepigania ndoa yetu. Alipomaliza aliketi kitandani akacheka mpaka akajifuta macho, kisha hakucheka tena.

Akasema, "Mjomba kakosa nini? Kaitwa, kaja. Yeye akitaka kitu anasema nakitaka. Mimi nimekaa miaka ishirini na tano na mtu anayesema karibu kwa mji mzima, akajaza kila gari na kila chumba, na mimi hajaniambia hata siku moja, twende wawili tu. Hata hii safari nimejialika mwenyewe."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno mengi, yote mazuri, na nikaona haya kuyatumia.

Akampigia simu Bi Turan. Walizungumza kidogo tu na walielewana upesi mno, ikanishtua. Wao wawili watachukua chumba kimoja, upande wa bahari. Wewe na samawari yako mtapata kingine. Akairudisha kofia sandukuni, na viatu, na gauni la samawati, na suruali yangu ya kulalia akaitoa, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. Kisha akanikabidhi bakuli kubwa la shaba. "Umeandika mwenyewe," akasema, "lazima abaki mtu wa kumwaga maji."

Mjomba, hakuwa mkatili. Alifika mlangoni pa chumba akageuka, akanitazama sana, akaniuliza: "Na wewe Farhang? Unakuja?"

Ulimi hauna mfupa. Niliusikia ukijibu wenyewe, kwa sauti yangu nzuri ya mlangoni: "Aa, nendeni tu jamani, nisije nikawasumbua."

Kisha nikasubiri. Mwaliko wa kwanza ni salamu. Nikasubiri wa pili, mkono bado uko kifuani. Mahrokh akasema, "Haya," akarudi akafunga zipu ya sanduku.

Kwa hiyo nakuomba uyafute yote niliyoyaandika hapo juu. Usikatae kitu. Njoo, beba samawari, kaa dirishani, koroma utakavyo. Tiketi yangu ninayo mfukoni, lakini siwezi kwenda mahali nilipokwisha kukataa kwenda, mpaka niitwe tena. Asubuhi teksi yenu itasimama hapa kumchukua mke wangu. Nakuomba kwa kaburi la dada yako, na safari hii uniamini, sikio sijaligusa: uteremshe kioo uniambie, "Farhang, njoo twende." Mara moja inatosha. Maji nitakuwa nimeshayamwaga, nami nitakuwa nimesimama mlangoni, viatu miguuni.