Kipimo cha Sumukuvu Kilichong'aa Kupita Kiasi

Jumanne, tarehe 2 ya mwezi wa Mehr, mwaka 1398 kwa kalenda yetu ya Iran, Farzin Kuhbanani aliingia soko la pistashio, zile njugu za kijani, la Rafsanjan akiwa amevaa koti jeupe la kuazima. Aliwakuta wakulima wamejaa hofu, kwa kuwa shehena ya mwenzao ilikuwa imerudishwa kutoka ng'ambo kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Farzin, ambaye hakuwahi kuona hofu ya watu akaiacha ipotee bure, alijitangaza kuwa mhandisi.

"Vipimo vya maabara ni vipofu!" alisema, akiinua kichupa na tochi ya mwanga wa zambarau. "Humu mna nyuzi za vinasaba zenye rangi. Uzi ukinasa sumu, unang'aa. Mimi nimeuongezea ukali mara elfu. Unanasa hata sumu inayokusudia kuja!"

Ukali huo, kwa kweli, ulikuwa sabuni ya unga, ambayo hung'aa chini ya tochi hiyo bila kuombwa. Kila gunia alilolinyunyizia lilimeta, na Farzin, kwa huruma nyingi, alilinunua kwa bei ya maganda.

Ikafika zamu ya Bi Mahlagha, mjane aliyetegemea mavuno hayo kulipia maji ya kisima. Bila maji, miti yake ingekufa. Pistashio zake zilimeta kama ukumbi wa harusi.

"Pole, mama. Niuzie tu mimi."

"Mhandisi, umetuokoa! Kifaa hiki bei gani?"

Ulimi wa Farzin, uliolelewa vyema kuliko mwenyewe, ulijibu upesi: "Hakina thamani mbele yako, mama. Chukua."

Hayo ni maneno ya adabu tu; desturi yetu humtaka mnunuzi akatae, asihi atajiwe bei, kisha alipe. Bi Mahlagha alikitia ndani ya baibui. "Mungu akuzidishie!"

Wazee walikuwa wakitazama. Kudai ulichokwisha kukitoa kwa ukarimu ni aibu kubwa kuliko wizi, na wizi Farzin alikuwa ameuzoea.

"Sasa nikupimie na yako, mwanangu," alisema Bi Mahlagha. Magunia aliyoyanunua Farzin yakameta. "Masikini, umeuziwa sumu! Nikuondolee kwa bei gani?"

"Hayana thamani mbele y..." Farzin aliuma ulimi, akachelewa.

"Haya, ndugu zangu," Bi Mahlagha aliwaambia wakulima, "kila mtu abebe gunia lake! Twende kwa wale vipofu wa maabara."

Vipofu waliyaona yote kuwa safi. Bi Mahlagha aliuza, akalipia maji yake.

Alasiri, mzee mmoja alimkuta Farzin ameketi peke yake, tumbo likinguruma. "Mhandisi, karibu chakula!"

"Ahsante, baba, nimeshiba," alijibu Farzin kwa adabu, akingoja asihiwe.

Mzee hakumsihi.

Nawe uliyesoma hadi hapa, msomee jirani anayepeleka mavuno sokoni kesho.