Kutoka Kianjokoma hadi Mirihi kwa Umeme

Mheshimiwa Mwenyekiti wa sherehe; Mheshimiwa Naibu wake, ambaye ametuma mwakilishi; Mheshimiwa Mwakilishi, ambaye naye ametuma salamu; makasisi mliotuombea mara tatu; walimu wakuu na walimu wa kawaida; wakulima wa chai, kahawa na makadamia; ndugu zetu wa miraa mliotoka Maua asubuhi hii kwa mwendo ambao sayansi bado haijauelewa; mabibi na mabwana, muga! (Watu wanatazamana.) Nimesema muga! (Sauti: "Hapa ni Kianjokoma, Embu, mheshimiwa!") Najua. Nimeanza na salamu ya majirani wa Maua kwa sababu ya itifaki.

Mimi, Daktari Mhandisi Kathuri, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Safari za Sayari, Ukanda wa Mlima, kwa mujibu wa mastaplani, na baada ya kuwahusisha wadau, yaani stakeholders, katika kikao cha maoni ya umma, public participation, kilichohudhuriwa na watu wawili, mmoja wao akiwa mimi, nina furaha isiyo na kifani kutangaza kwamba chombo chetu cha kwenda Mirihi kimekamilika kwa asilimia mia moja na kumi na nne! (Makofi. Vigelegele.)

Wenye wivu wanauliza, Kathuri alijifunzia wapi mambo haya? Nilikwenda ng'ambo siku kumi na moja. Nilipelekwa kwenye maabara, nikachungulia kidirisha cha pipa kubwa lililoondolewa hewa yote, na ndani nikaona mwali wa buluu umetulia tuli. Nikawauliza wenyeji wangu, "Mnapika nini?" (Kicheko.) Chekeni tu, hata wao walicheka mpaka wakatafuta viti. Mama mmoja mhandisi akaniambia, "Hiyo ndiyo injini." Injini! Haina moshi, haina kelele! Inachukua gesi iitwayo zenoni, inaitia chaji ya umeme, inairusha nyuma kwa kasi ya ajabu, na chombo kinakwenda mbele. Nguvu yake, akasema, ni kama uzito wa karatasi kiganjani. Nikashika karatasi. Nikasubiri. Hakuna kitu. "Ngoja miaka mitatu," akasema, "kule juu hakuna hewa ya kuizuia, kila siku mwendo unaongezeka." Ndugu zangu, nililia. Kwa mara ya kwanza maishani nilikutana na mashine inayofanya kazi kwa mwendo wa ofisi yangu, na bado inafika! (Kicheko kirefu. Mheshimiwa anangoja kiishe, kwa fahari.)

Karibu na jua, umeme huo utatoka kwenye paneli za sola kama ile ya kinyozi pale stendi. Lakini tukiipita Mirihi hadi kule mbali, kwenye sayari ya Mshtarii, mwanga wa jua ni sehemu moja tu kati ya ishirini na tano za huu unaotuchoma sasa, kwa hivyo huko tutawasha kinu cha nyuklia, kidogo, chenye adabu. (Kasisi anafanya ishara ya msalaba.)

Naona mkono. Mwalimu Gatwiri wa fizikia, uliza, ila kwa ufupi, maana wewe unaelewa. (Mwalimu Gatwiri: "Mheshimiwa, injini yenye nguvu ya karatasi haiwezi kuinua chombo kutoka ardhini. Wenzetu hukipandisha kwanza kwa roketi ya moto. Sisi tutakiinuaje?") Swali zuri sana! Tutakibeba hadi kilele cha Mlima Kenya, na tukifika pale, tutakisukuma! (Watu wanashika mbavu. Mwalimu Gatwiri anakaa, anafuta machozi ya kicheko.)

Na yule je? Mzee Ngari, jirani yetu wa huo upande wa chini. (Mzee Ngari: "Mimi sina la kuchekesha. Mliniandikia barua ning'oe kahawa ekari mbili, ile aliyoipanda mke wangu kabla hajafa, ili chombo kipate kiwanja. Nimeng'oa. Mvua ni wiki ijayo. Nipande ama nisipande?") Mzee wangu, swali lako ni la kisera, na litashughulikiwa na kamati ndogo ya kamati ya kiufundi, itakayoundwa pindi upembuzi yakinifu, yaani feasibility study, utakapokamilika. (Minong'ono. Sauti ya mama: "Mjibu mzee!") Nitamjibu! Nitamjibu! Lakini kwanza mnipokee: Umeme! (Wachache: "Angani!") Zenoni! (Wachache zaidi: "Oyee!") Kianjokoma! (Sauti moja: "Mjibu!")

Basi nimalize kwa shukrani, na hizi nitazisoma neno kwa neno bila kuruka nukta, kwa kuwa zimechapwa na katibu wangu, Bi. Ruguru, binti wa hapa hapa. "Nawashukuru nyote mliofika. Namshukuru fundi wa mabango kwa picha ya chombo, maana picha hiyo ndiyo chombo chote tulicho nacho. Nawashukuru wahandisi wetu thelathini, ambao hawajawahi kuajiriwa. Naishukuru Mamlaka, ambayo ni meza moja, mkurugenzi mmoja na katibu mmoja aliyechoka. Mradi huu haukuwapo jana, haupo leo, na hakuna mtu aliyeuanza. Mzee Ngari, nisamehe, baba, ile barua niliichapa mimi. Panda. Kesho nitakuja na ndugu zangu tukuchimbie mashimo. Asanteni, Mungu awabariki." Na hapa chini pameandikwa: makofi.

(Makofi makubwa kuliko yote ya siku hiyo. Mzee Ngari anavaa kofia yake. Mheshimiwa anainama kushukuru, mara ya kwanza, mara ya pili, na katikati ya mara ya tatu anairudisha karatasi machoni.)