Siku Nyekundu za Mchumba Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Jana kondomu ilipasuka. Harusi mwezi wa tano, na baba yake mchumba wangu ni muuza nyama. Ana visu saba. Nimevihesabu. Siku ya posa alisema binti yake akipata mimba kabla ya ndoa, tutajuana. Nampenda binti yake kufa. Lakini visu saba!

Nikaenda duka la dawa kununua kidonge cha dharura. Muuzaji ni rafiki wa mama. Nikasema naumwa kichwa. Akanipa cha kichwa. Nikarudi, nikasema tumbo. Akanipa cha tumbo. Mara ya tatu akaingia mchumba mwenyewe, utepe wa kupimia shingoni (ni fundi cherehani), akakitaja kidonge waziwazi, akakimeza palepale. Muuzaji akatoa maelezo marefu, akanipa na karatasi. Sikusikiliza, nilikuwa nimejificha nyuma ya rafu. Halafu mimi nachapa kalenda kiwandani mwaka wa tisa huu. Nani wa kunifundisha kuhesabu siku?

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi! Mchumba kaona matone ya damu. Hedhi hiyo! Alitaka kueleza zaidi, nikamwambia apumzike, hesabu aniachie mimi. Nimewanunulia soda wachapaji wote. Msimamizi akauliza kama nimepandishwa cheo.

Alhamisi, 21 Machi

Mchumba amesema, huku anashona mfuko wa suruali, kwamba amechelewa siku tatu. Amechelewa vipi, na hedhi ilishakuja? Akasema yale yalikuwa matone tu, kidonge hufanya hivyo, na hedhi yenyewe inaweza kuwahi au kuchelewa hata wiki. Ikipita wiki, atapima. Wala sindano haikutetemeka. Mimi nilisikia neno moja tu: amechelewa. Nikaviona visu vyote saba.

Jumamosi, 23 Machi

Akili ni mali! Nimejichapia barua kiwandani, karatasi nene, muhuri wa dhahabu: nimechaguliwa kusomea uchapaji ng'ambo, miaka mitatu, naondoka leo hii hii. Nimempa dada yangu ampelekee mchumba. Dada kaisoma, kaniita mwoga. Wivu tu. Nimejifungia chumbani na mikate miwili.

Jumapili, 24 Machi

Nimekwisha. Asubuhi nilitoka uani kuanika soksi. Lo! Mchumba huyo, amekuja kumwuliza dada anwani yangu. Akaziangalia soksi. Akauliza kama jua la ng'ambo linakausha vizuri. Kisha akasema hedhi imeanza leo alfajiri, imechelewa siku sita tu, kama alivyoambiwa dukani. Alitaka nipelekewe habari nisome kwa amani. Akavua pete, akaibana kwenye kamba pamoja na soksi. Akasema mimba haikumtisha, kilichomtisha ni kuolewa na mtu wa kukimbia, na afadhali amemjua mapema. Nililia. Kweli nililia, kibanio mkononi.

Jumatano, 27 Machi

Nimetafakari. Kosa ni la kalenda: siku zake hazikuwemo. Nimemchapia mpya ya kuombea msamaha. Jina lake juu kwa herufi kubwa, siku zake zote kwa rangi nyekundu, kila baada ya siku ishirini na nane, bila kukosea, mpaka Desemba. Ile karatasi ya duka la dawa nimeikuta mfukoni, bado imekunjwa. Maandishi madogo mno. Nimeisokomeza chini ya mguu wa meza, sasa haichezi.

Kalenda nimemkabidhi baba yake. Mzee hajui lolote, anadhani ni ugomvi wa wachumba tu. Kaipenda mno, kaitundika buchani juu ya mzani, na wateja wanauliza hizo nyekundu ni sikukuu gani. Mchumba humletea baba yake chakula saa saba. Sasa ni saa saba kasorobo. Nimevaa shati jipya. Namsubiri hapahapa, karibu na visu.