Mti Wangu wa Nyuma ya Hoteli

Jumatatu, 10 Juni

Balaa. Bi Rampha, meneja wetu, katuita wote mapokezini. Kasema wageni wanalalamika: kitanda kizuri, chakula kizuri, ila karibu na hoteli hakuna cha kutazama. Wakitaka hekalu kubwa lazima wakae kwenye foleni ya magari ya Bangkok mpaka chai ya asubuhi ipoe tumboni. Sasa anataka mtu wa kuwatembeza kwa miguu, hapahapa mtaani.

Wabeba mizigo tuko wawili, mimi na Ekkachai. Mmoja atapewa kazi hiyo, na shati lenye jina kifuani. Mwingine aage, maana mizigo watabeba walinzi. Ataamua Jumapili.

Kwangu mimi kuaga maana yake Suphan Buri, kwa mjomba, kuchunga bata. Bata wale wananijua. Hawanipendi.

Ekkachai anaongea kama redio. Mimi nikimwona mgeni ulimi unajikunja. Kaniuliza mbele ya wasichana wa mapokezi: "Vipi Tong, dogo, mabegi yamekujibu leo?" Wamecheka. Nimecheka na mimi.

Lakini macho ninayo! Nitatafuta kitu kinachojionyesha chenyewe, kisichohitaji mdomo.

Jumanne, 11 Juni

Nimekipata. Kenge! Yule wa mfereji wa nyuma, mrefu kama kochi. Alfajiri nimemwekea maini ya kuku kwenye ngazi za mfereji, azoee kuja pale. Kaja. Kala. Halafu kafuata harufu mpaka jikoni, akapotea njia, akatokea kwenye bwawa la kuogelea wakati wageni wanakunywa kahawa. Mama mmoja wa Kijerumani kapanda juu ya meza na kikombe chake mkononi. Mumewe kapiga picha, kwa hiyo si hasara tupu.

Bi Rampha kauliza nani anamlisha "Bwana Mali". Kumtaja kenge kwa jina lake ni mkosi, na Bi Rampha ana adabu. Nikamtazama Ekkachai. Ekkachai akaitazama mikono yangu. Ilikuwa inanuka.

Jumatano, 12 Juni

Mpango mpya, na huu hauna miguu. Nyuma ya hoteli, kando ya mfereji, kuna mkuyu mkubwa. Haukuwa na lolote, paka walikuwa wanaukojolea. Alfajiri nimeufunga vitambaa vya rangi kiunoni, kama ile miti inayokaliwa na mizimu. Chini nikaweka soda nyekundu, ile wanayopewa mizimu, na mrija. Mzimu gani atakunywa bila mrija?

Wageni wataona, watapiga picha, mimi nitasimama pembeni kama mtu anayejua mambo.

Mchana nikapita. Soda zimekuwa safu! Na maua! Na sanamu ya punda milia, mizimu huipenda! Shangazi Jiap, muuza tambi wa pale kona, alikuwa anafagia chini ya mti. Kaniambia, "Mwanangu, mimi siku zote nilikuwa najua huyu ana mtu ndani." Miaka yote hiyo alikuwa anamwaga hapo maji ya vyombo.

Alhamisi, 13 Juni

Bahati nasibu inachezwa Jumapili. Nilisahau! Sasa mtaa mzima uko kwenye mti wangu, wanaupaka poda gome na kulisugua, watafute namba ya ushindi.

Halafu nani katokea na kundi la wageni? Ekkachai. Kawaambia mti huu yeye ndiye aliyeugundua. Kawaambia anakaa humo binti wa mfalme aliyezama mferejini kwa ajili ya askari. Juzi ulikuwa mti tu! Wageni wakashika vifua. Shangazi Jiap akalia, akasema kweli kabisa, hata bibi yake alimsimulia.

Mwizi! Mzimu ni wangu! Na siwezi kusema. Nikisema nimefunga mimi, mtaa utanitia mferejini na Bwana Mali.

Ijumaa, 14 Juni

Raha iliyoje. Gari la mboga limeshindwa kupita kwa watu. Wapishi wanapiga kelele. Bi Rampha kauliza nani kaleta fujo hii. Wote wakasema, si Ekkachai, aliyeugundua? Basi Ekkachai akaambiwa akafungue vitambaa.

Kaenda kifua mbele. Kafika, kakunja magoti, kauomba mti msamaha kwa uongo wote, karudi jasho linamtiririka. Bi Rampha kamwita mwoga. Kaambiwa basi afungue yeye. Kakumbuka ana simu ya kupiga.

"Tong, nenda wewe."

Nikaenda nacheka moyoni. Mimi si ndiye niliyefunga? Humo hamna mtu, najua. Nikashika fundo.

Halafu nikawaza: wakati nafunga, hamkuwa na mtu. Lakini tangu Jumatano nyumba imepambwa, soda zipo, mrija upo. Kama kuna aliyekuwa hana pa kukaa, si atakuwa keshahamia?

Nikaliachia fundo. Nikapiga magoti, nikakutanisha viganja. Nikamwambia, dada, samahani, sikujua umeshafika. Naomba hiyo kazi. Ukinipa nitakuchezea ngoma hapahapa mbele za watu, na vazi kamili.

Limenitoka! Mimi, nisiyeweza hata kusema habari za asubuhi!

Nilipogeuka wageni wote walikuwa wamepiga magoti nyuma yangu. Mama wa Kijerumani alikuwa anafuta machozi.

Jumamosi, 15 Juni

Bwana Mali kapita juu ya poda iliyomwagika chini ya mti. Kila mtu kazisoma nyayo, kila mtu kapata namba yake. Shangazi Jiap na mumewe hawaongei.

Jumapili, 16 Juni

Hakuna hata mmoja aliyeshinda. Wote wamekubaliana kwamba mti haukukosea, wao ndio wamesoma vibaya.

Nimepata kazi! Bi Rampha kasema wageni wamempenda kijana asiyepiga kelele. Gari la mboga litapita mbele. Ekkachai naye kabaki, maana wageni wananiuliza maswali na mimi natazama viatu. Mimi nitatangulia, yeye ataongea nyuma. Kaninong'oneza, "Dogo, mzimu wako kanisamehe?" Nimemwambia nitamuuliza.

Suphan Buri, kwaheri. Bata, kwaherini!

Jumatatu, 17 Juni

Shati zuri. Ngoma ndiyo inanikaba. Nimenunua vile vidoli vya wacheza ngoma ambavyo watu huwatolea mizimu, nikaviweka chini ya mti, vicheze badala yangu. Mzimu hakusema kitu. Aliyesema ni Shangazi Jiap. Ijumaa alikuwa nyuma yangu na alisikia kila neno. Kaniletea kofia ya dhahabu yenye ncha, ya kuchezea ngoma, ya mpwa wake. Kwanza alipitia kwa Bi Rampha, na Bi Rampha kafurahi, katangaza kwa wageni: ngoma ya mti, kila asubuhi baada ya kahawa, anacheza Tong.

Kila asubuhi!

Nimekaa nawaza. Pale kwenye maegesho kuna jiwe kubwa ambalo halina mtu, na kitambaa cha manjano kimenibakia kipande. Mwenye jiwe akiwa mkubwa kuliko mwenye mti, si anaweza kunifutia ahadi?

Kesho alfajiri. Mrija ninao.