Faini ya Shikamoo

Jumatatu, 5 Mei
Walevi wa kilabu cha jirani yetu Castory wamekojolea tena ukuta wetu. Mke wangu Zuhura analalamikia harufu. Mimi nimeona mtaji. Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu: USIKOJOE HAPA. FAINI 50,000. Zuhura akauliza nani kanipa ruhusa. Nikamjibu kwani halmashauri walipewa na nani. Akanikumbusha kiwanja ni cha ukoo wake, na nikimwaibisha tena mbele ya ndugu zake nitarudi Kisaki kwa mama. Mwanamke hana maono kabisa.

Jumanne, 6 Mei
Nimeshinda nimejibanza migombani. Hajaja mtu. Tangazo limefukuza wateja! Castory kapita, kanipongeza eti mtaa wetu wote wa Bigwa hakuna ukuta msafi kama huu. Mshenzi. Nimeshusha faini hadi 20,000 na chini nimeongeza KARIBUNI.

Alhamisi, 8 Mei
Nimenasa mtu! Kachuchumaa, kanzu juu, kanipa mgongo. Nikachomoka migombani nadai faini. Akageuza shingo. Mjomba Nasibu. Mjomba wake Zuhura, msimamizi wa ardhi yote ya ukoo. Nikapagawa. Nikajikuta nimepiga magoti natoa shikamoo, na mzee bado hajamaliza. Hakuitikia. Angeitikiaje?

Ijumaa, 9 Mei
Kikao cha ukoo. Nikajitetea kwamba aliyekojoa ni yeye. Mjomba akasema ana sukari, alibanwa, hilo si kosa. Kosa ni kumwamkia mtu mzima katika hali ile. Wazee wakaguna. Faini: jogoo, na niombe radhi. Nikauliza, kwa adabu tu, tukitoa ile elfu ishirini ya mkojo wake, je, jogoo atabaki nusu? Zuhura akainama. Alipoinua uso alikuwa analia. Iliniuma sana. Kisha akaingia ndani, akatoka na begi langu.

Jumatatu, 12 Mei
Kisaki, kwa mama. Nimemkumbuka Zuhura mpaka chakula hakipiti. Nimekaa barazani kutwa natafuta nilipokosea, na nimepaona. Biashara ya mkojo haina mzunguko. Mtu akishakojoa ameshakojoa. Lakini salamu! Hapa kwa mama hapiti mtu bila kuamkia, wengine wanarudia wakirudi kisimani. Na wazee wenyewe wamepitisha kikaoni kwamba shikamoo inatozwa jogoo. Nikishajaza banda namfuata mke wangu. Nimemtuma mama akanitafutie rangi nyekundu.